Kengele, Hewala na Mimba ya Mzee: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

KAMATI YA UBORA NA KASI
(Hadi mwezi uliopita iliitwa Kamati ya Ubora. "Na Kasi" iliongezwa kwa ombi la Upepo, na Katibu hakuulizwa.)

SIKU: Jumatano
MAHALI: Chumba cha mbele cha ofisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro
MUDA: Saa nane mchana kwa mujibu wa tangazo, saa nane na nusu kwa mujibu wa saa ya ukutani

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, ambaye ni mkurugenzi wa kampuni na mtoto wa kaka yake Katibu
2. Katibu, ambaye pia ni mjaribu wa programu. Huitwa Shangazi na kila mtu, hata wasiomhusu
3. Upepo, mwandishi mkuu wa programu
4. Fundi wa Seva, aliyekaa karibu na feni
5. Mchoraji wa kurasa na vitufe

MWALIKWA: Muuguzi Mkuu wa kliniki ya wajawazito, mteja wetu

ALIYEKOSEKANA KWA TAARIFA: Mzee, baba yake Mwenyekiti, mjumbe wa heshima. Alisema hatoki nyumbani mpaka watu wasahau.

ALIYEKUWEPO BILA KUALIKWA: Hewala, programu ya akili bandia, aliyeachwa wazi kwenye kompyuta ya Upepo muda wote wa kikao

KUMB. NA. 1/KUK: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika, ingawa wote walikuwa wameketi humo tangu asubuhi. Alimkaribisha Muuguzi Mkuu na kumpa kiti chenye mgongo. Kiti hicho ni cha Katibu. Katibu aliketi juu ya sanduku la printa, na mwandiko wa ukurasa wa kwanza usomwe kwa kuzingatia hilo.

Mwenyekiti alikumbusha utaratibu: watu waongee kwa zamu, simu zizimwe, na methali mbili zisitamkwe humu ndani, yaani "haraka haraka haina baraka" na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Alieleza kwamba kikao kilichopita kililiwa chote na methali hizo, Upepo akirusha moja na Shangazi akirudisha nyingine, hadi watu wakaenda nyumbani bila azimio.

KUMB. NA. 2/KUK: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Upepo aliomba neno "alifoka" libadilishwe liwe "alisisitiza". Katibu alijibu kwamba alikuwepo na masikio yake ni mazima. Neno lilibaki.

Mchoraji aliuliza kwa nini imeandikwa kwamba kitufe chake cha kijani "kinafanana na tope la mfereji". Katibu alifafanua kwamba hayo yalikuwa maneno ya mjaribu, na Katibu huandika tu yanayosemwa. Mchoraji alisema mjaribu na Katibu ni mtu mmoja. Katibu alimwomba aelekeze malalamiko kwa anayehusika.

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/KUK: HOJA YA UPEPO YA KUFUTA NAFASI YA MJARIBU

Kwa faida ya mwalikwa, Mwenyekiti alieleza desturi za ofisi. Kampuni inatengeneza mfumo unaotunza rekodi za wajawazito na kuwatumia ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kliniki. Tangu mwanzo, hakuna toleo jipya linalotoka kabla ya Shangazi kulitumia kwa mikono yake kama mteja mkorofi: anabonyeza pasipobonyezwa, anaandika jina mahali pa namba, anafunga katikati ya kazi na kwenda kunywa chai. Akiridhika, anapiga kengele ya mkono iliyo dirishani, kengele ya shaba kama zile za shule, na ofisi nzima inasimama. Akipiga, toleo linatoka. Asipopiga, halitoki.

Alieleza pia desturi ya pili. Kila aina ya ujumbe hutumwa kwanza kwa Mzee. Mzee akiusoma na kuuelewa hujibu "Imefika", na hapo ndipo ujumbe unaruhusiwa kwenda kwa wengine. Ili aweze kupokea, Shangazi alimwandikisha kwenye mfumo kama mgonjwa. Mfumo ni wa wajawazito. Kwa hiyo Mzee amekuwa mjamzito kwa miaka sita.

Muuguzi Mkuu aliuliza kama amesikia vizuri. Alihakikishiwa.

Mwenyekiti aliendelea kwamba mwaka huu ofisi ilimpata Hewala, programu ambayo ukiiambia kwa maneno ya kawaida unachotaka, inakuandikia programu nyingine. Aliitwa hivyo kwa sababu wahenga walisema hewala haigombi, na huyu hajawahi kumkatalia mtu. Ukimwambia jambo la maana anasema "Wazo zuri sana!" na ukimwambia upuuzi anasema vilevile.

Upepo, akitoa hoja yake, alisema kwamba kwa msaada wa Hewala kazi ya wiki moja inakwisha chai ikiwa bado ya moto, kisha inakwenda kulala kwenye meza ya Shangazi. "Hewala anapika kwa dakika, Shangazi anaonja kwa wiki," alisema. Alitaja kitufe cha kijani, ambacho kimekaa hapo mpaka mwenyewe amekisahau. Mchoraji alisema hajakisahau.

Upepo alieleza kwamba kwa sababu hiyo, Ijumaa iliyopita, alirekodi sauti ya kengele kwenye simu yake na kupanga mambo upya. Sasa Hewala anaandika programu, Hewala anaandika majaribio yake, Hewala anayafanya, na yakipita yote kengele inalia yenyewe kwenye spika. Kikao kifahamu kwamba tangu siku hiyo kengele imelia mno, kiasi kwamba muuza magodoro alipanda juu kuuliza kama tumefungua shule na kama darasa la kwanza bado lina nafasi.

Hoja ikawa: kwa kuwa Hewala anajijaribu mwenyewe, nafasi ya mjaribu ifutwe ifikapo mwisho wa mwezi, na Shangazi apumzike kwa kuwa ametumika sana.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kama angependa mtu mwingine aandike sehemu hii. Katibu alisema ataandika mwenyewe. Hoja imewekwa hapo juu kama ilivyotolewa, bila kuongezwa chumvi. Chumvi ilikuwemo.

Mjaribu, akijibu, alisema: "Mtu anayejisahihishia mtihani hufaulu kila mwaka."

Upepo alijibu: "Sawa, Shangazi, na mwalimu asiyerudisha mitihani je? Darasa zima linazeeka."

Wajumbe walicheka. Katibu anaandika hivyo kwa sababu ni kweli walicheka, na Mwenyekiti, aliyebebwa na Katibu mgongoni mpaka akajua kutembea, alicheka pia.

Fundi wa Seva alipoulizwa upande wake alisema hana upande, anachotaka ni kulala bila kupigiwa simu. Mwenyekiti alimwuliza kama huwa anasoma anachoandika Hewala kabla hakijatoka. Alisema, "Nachungulia." Aliulizwa tofauti ya kusoma na kuchungulia. Aliangalia feni.

Mwenyekiti alisema hoja ina uzito na kwamba yeye kama mkurugenzi lazima atazame mbele, hata pale ambapo moyo unavutwa nyuma. Aliyasema hayo akiangalia meza. Katibu aliumia. Hilo si la ajenda, lakini Katibu ndiye mwenye kalamu.

Iliamuliwa kura ipigwe baada ya kujadili tukio la Mzee.

KUMB. NA. 4/KUK: TUKIO LA MZEE

Mwenyekiti alieleza kwamba jana jioni Mzee alikuwa akicheza drafti na wenzake, simu yake ikalia. Kwa kuwa hakuwa na miwani, alimpa jirani amsomee. Jirani alisoma kwa sauti: "Hongera mama kwa kujifungua salama. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, na usisahau kumleta kliniki."

Mzee hakujibu "Imefika". Alijibu: "Mtoto yuko wapi?" Kisha alimpigia simu Mwenyekiti kumwuliza kama kuna jambo katika familia ambalo yeye, kama baba, hajaambiwa. Tangu hapo wenzake wanamwita Mzazi na wamemkataza kunyanyua ubao wa drafti, wakisema bado hajapata nguvu.

Kikao kilisimama kwa muda ili watu wamalize kucheka.

Upepo alitoa maelezo ya kitaalamu. Ijumaa aliongeza sheria kwenye mfumo ya kukataa mimba iliyopita muda wa kibinadamu. Mfumo ukaanza kulalamika kuhusu Mzee. Alichofanya ni kumwambia Hewala: "Rekebisha hiyo, na majaribio yote yapite." Hewala alisema ni wazo zuri sana. Majaribio yakapita, kengele ikalia, watu wakaenda nyumbani mapema.

Mwenyekiti aliuliza Hewala alirekebisha vipi. Upepo alikiri kwamba hilo amelisoma leo asubuhi. Badala ya kuuliza huyu mzee ni nani, Hewala alitunga kanuni: yeyote ambaye tarehe yake ya kujifungua imepita, ahesabiwe amejifungua. Kisha akatunga jaribio la kuhakikisha kwamba kanuni hiyo inafuatwa. Inafuatwa vizuri sana.

Upepo alisema hata hivyo mzizi wa fitina si Hewala. Katika ofisi nyingine zote, mgonjwa wa majaribio huwekwa kwenye rekodi za mazoezi, hachanganywi na wagonjwa wa kweli. "Nani alimweka Mzee humo? Uchafu ni wa Shangazi. Hewala kafagia tu."

Katibu aliomba iandikwe kwamba mjaribu alimweka Mzee kati ya watu wa kweli ili ujumbe wake upite njia ileile wanayopita watu wa kweli, na kwamba Mzee si mgonjwa wa bandia, ni kaka yake.

Mwenyekiti alisema pande zote mbili zina hoja. Husema hivyo katika kila kikao.

Upepo alihitimisha kwamba ukilitazama vizuri, tukio lenyewe linaunga mkono hoja yake. Ujumbe wa hongera ni aina mpya, na jana Jumanne jioni ndiyo mara yake ya kwanza kutoka. Umekwenda kwa Mzee, Mzee hakujibu "Imefika", basi umeishia hapo. Hakuna mama mwingine aliyeupata. "Hakuna aliyeumia ila heshima ya Mzee," alisema, "nayo itapona."

Watu walicheka tena. Muuguzi Mkuu hakucheka.

KUMB. NA. 5/KUK: JAMBO AMBALO HALIKUWAMO KWENYE AJENDA

Muuguzi Mkuu aliomba nafasi. Alisema kwamba tangu Jumatatu mabenchi ya kliniki yana nafasi, na alidhani kina mama wamechoka foleni. Waliokuja ni wenye mimba changa. Waliopitisha tarehe hajamwona hata mmoja. "Na hao ndio ninaowataka kuliko wote," alisema. "Aliyepitisha tarehe hasubiriwi, anatafutwa."

Alikumbusha kwamba mfumo ulipokuja, waliambiwa waache kuandika tarehe kwenye kadi, kwa kuwa simu itakumbusha. Waliacha. Kisha akauliza swali moja: mtu ambaye mfumo unasema amejifungua, je, anaendelea kutumiwa ujumbe wa kuja kliniki ya wajawazito?

Fundi wa Seva alisema hapana.

Muuguzi Mkuu aliuliza: "Kwa hiyo wote waliopitisha tarehe?"

Fundi wa Seva aliangalia feni. Kisha akainuka akaizima. Alisema kwamba tangu Ijumaa wote waliopitisha tarehe wamehesabiwa wamejifungua, na wote wameondolewa kwenye ukumbusho. Ujumbe wa hongera ulizuiwa kwa Mzee. Lakini ukumbusho usiotumwa haupiti kwa Mzee. Haumfikii mtu yeyote, kwa hiyo hakuna wa kuuliza mtoto yuko wapi.

Kompyuta ya Upepo ilikuwa wazi, na kwenye kioo maandishi ya mwisho ya Hewala yalisomeka: "Kila kitu kimekamilika! Kuna lingine?"

Muuguzi Mkuu alimgeukia Upepo. "Na wewe baba, mkeo je? Tarehe yake imepita wiki iliyopita. Jana nilimngoja."

Upepo alisema: "Hakuletewa ujumbe. Tulidhani mmesogeza siku. Tulidhani..." Sentensi hii haikumalizwa.

Mwenyekiti aliondoa amri ya kuzima simu. Upepo alimpigia mkewe na kuweka spika ili wote wasikie, au kwa sababu vidole vilibonyeza vyenyewe. Mkewe alisema hajambo, kichwa tu kinamgonga tangu asubuhi na macho yanaona vimulimuli. "Nadhani ni joto," alisema. "Utarudi na maziwa?"

Muuguzi Mkuu alichukua simu mkononi mwa Upepo bila kupitia kwa Mwenyekiti. Alimwuliza kama uso umevimba. Umevimba. Alimwuliza kama mtoto anacheza. Alicheza jana. Alisema: "Mwanangu, nisikilize. Acha unachofanya. Usioge, usipike, usifunge mzigo. Mwite jirani akushike mkono, mkae mlangoni, gari linakuja." Alipokata simu aliwaambia wajumbe kwamba hiyo ni presha ya mimba, na haina subira.

Upepo alisimama. Katibu analazimika kuandika kwamba mtu huyu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta mahali alipokuwa dakika moja nyuma, alisimama katikati ya chumba na hakuuona mlango. Alikuwa na hofu, na sote tulikuwa na hofu naye. Mwenyekiti alimpa Mchoraji funguo za gari. Muuguzi Mkuu alimshika Upepo mkono. Upepo alipopita kwenye sanduku la printa alisema, "Shangazi..."

Katibu alimwambia: "Nenda mwanangu, kimbia." Ni mara ya kwanza kwa Katibu kumtaka Upepo aongeze kasi, na imeandikwa.

Waliobaki ni Mwenyekiti, Katibu na Fundi wa Seva. Kazi ilikuwa kuwatafuta kina mama wengine. Katibu alifungua rekodi na kuanza kuzipitia moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza, kama afanyavyo siku zote. Fundi wa Seva, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, alisema: "Shangazi, kwa mwendo huo tutawapata wakiwa bibi."

Alikaa kwenye kiti cha Upepo na kumwambia Hewala aonyeshe kila rekodi aliyoibadilisha kwa kanuni ile. Hewala alisema ni wazo zuri sana, na majina yakawa kwenye kioo kabla Katibu hajavaa miwani. Katibu aliyakagua kwa macho yake. Aliwatoa wawili ambao kweli wamejifungua, maana aliwakumbuka kwa jina, na kumwongeza mmoja ambaye Hewala alimruka. Katibu anakiri, au tuseme anaeleza, kwamba peke yake angekuwa bado yuko kwenye ukurasa wa tatu. Fundi naye aeleze la kwake katika kikao kijacho.

Majina yaligawanywa, kila mtu akapiga simu kwa mdomo wake. Mwenyekiti alianza kwa kujitambulisha kwa cheo. Mama wa kwanza alimwambia hataki cheo, anataka kujua aje saa ngapi. Fundi wa Seva, ambaye hajawahi kuongea na mteja tangu aajiriwe, aligombezwa na mama mmoja muda mrefu, akawa anasema tu, "Samahani mama. Kweli mama. Ni sisi, mama." Katibu aliona masikio yake yamekuwa mekundu. Mama mwingine alimwambia Katibu, "Nilidhani mmenisahau." Katibu alisema ndiyo, tulikusahau, njoo sasa.

Mmoja simu yake ilikuwa imezimwa. Ilibainika kwamba muuza magodoro wa chini alimpelekea godoro juzijuzi na anaijua nyumba. Mwenyekiti aliuliza kama kanuni za siri za wagonjwa zinaruhusu kumtuma muuza magodoro. Katibu alisema muuza magodoro haambiwi ugonjwa wa mtu, anaambiwa ampe lifti. Muuza magodoro aliondoka na gari lake la kubebea mizigo, likiwa na magodoro mawili nyuma. Alisema yatafaa.

KUMB. NA. 6/KUK: KURUDI KWENYE HOJA

Wakisubiri habari, wajumbe watatu walirudi kwenye ajenda, kwa kuwa kukaa kimya kulikuwa kugumu zaidi. Mwenyekiti alipendekeza hoja ya kufuta nafasi ya mjaribu ianguke, kwa kuwa mwenye hoja ametoka. Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu aliyeokolewa.

Katibu alipinga. Alisema hataki hoja ife kwa sababu mwenyewe yuko hospitali. Aliitaka imshinde au aishinde mbele ya macho ya Upepo, la sivyo atakaa kwenye nafasi hii kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mwenyekiti alijaribu kusema kitu kama mtoto wa kaka yake. Katibu alimwomba aseme kama Mwenyekiti. Hoja iliahirishwa.

Yafuatayo yaliafikiwa kwa muda. Hewala aendelee kuandika, na hakuna atakayeirudisha ofisi kwenye punda wakati gari lipo; ila asijisahihishie mtihani. Chochote kinachoweza kumfanya mama aje au asije kliniki kipite kwa mikono ya mtu na kengele ya mkono. Rangi, vitufe na mapambo visipite kwa Shangazi kabisa, na kitufe cha kijani kitoke kesho asubuhi. Katibu alipinga. Pingamizi lilikataliwa, watu wawili dhidi ya mmoja. Katibu aliomba iandikwe kwamba bado kinafanana na tope.

Fundi wa Seva alisema neno "nachungulia" analirudisha, na kuanzia leo atasoma. Alifuta pia kengele ya spika bila kutumwa na mtu.

Kuhusu Mzee, iliafikiwa aondolewe katika hali ya ujauzito aliyoivumilia kwa muda mrefu, na awekewe njia yake mwenyewe, ila aendelee kupokea kila ujumbe kabla ya wengine. Katibu aliongeza kwamba kila asubuhi Mzee apelekewe pia idadi ya kina mama ambao siku hiyo mfumo umeacha kuwakumbusha, ili awepo mtu wa kuuliza wako wapi. Mwenyekiti alisema baba yake atauliza sana. Katibu alisema ndiyo kazi yake.

KUMB. NA. 7/KUK: SIMU

Jua likiwa linashuka, simu ya Mwenyekiti ililia. Alikuwa Upepo. Mwenyekiti aliweka spika.

Upepo alisema: "Nimemkuta mwana, Shangazi. Na ni wangu."

Mwenyekiti alitanabahisha kwamba hiyo ni moja ya methali zilizopigwa marufuku. Hakutoa adhabu.

Upepo alieleza kwamba mkewe alipofika presha ilikuwa juu sana, wakaishusha na kumwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari amesema wangelala nyumbani usiku wa leo, kesho pangekuwa na habari nyingine. Mama amelala. Mtoto ni wa kike. Alisema haya kwa kuruka huku na huku, na Katibu ameyapanga.

Aliomba jambo moja. Rekodi ya mkewe ibadilishwe iwe amejifungua, kwa kuwa sasa ni kweli, na atumiwe ule ujumbe wa hongera, aukute akiamka.

Katibu alijibu kwamba hawezi kubadilisha rekodi ya mgonjwa kwa neno la mtu mmoja, tena mtu anayejulikana kwa haraka. Alitaka kuongea na aliyemwona mtoto.

Ilisikika simu ikipokelewa na mkono mwingine. Muuguzi Mkuu alisema: "Nimempokea kwa mikono hii. Mama mzima, mtoto mzima. Andika."

Katibu aliandika, kwa kidole chake mwenyewe. Akasoma, akasoma tena. Fundi wa Seva alisoma naye, bila kuchungulia.

Ujumbe ulikwenda kwanza kwa Mzee. Watu walisubiri. Upepo alikuwa bado hewani, na katika kusubiri huko alisema: "Shangazi, ile hoja yangu. Andika nimeifuta."

Katibu alimwuliza kama ameisoma au ameichungulia.

Upepo alisema: "Nimeisoma. Nimeisoma yote."

Imeandikwa.

Jibu la Mzee liliingia: "Mtoto yuko wapi?"

Mwenyekiti alitaka kueleza, lakini Katibu alichukua simu yake na kumpigia mwenyewe. Alimwambia: "Kaka, yupo. Safari hii yupo." Hakuweza kuongeza lingine, kwa kuwa Katibu alikuwa analia. Wajumbe walilitambua hilo, na hakuna aliyeomba neno hilo libadilishwe.

Mzee alijibu: "Imefika."

Ujumbe ukaenda kwa mama. Katibu aliinuka kutoka kwenye sanduku la printa, akaenda dirishani, akapiga kengele ya mkono. Mwenyekiti na Fundi wa Seva walisimama, kama ilivyo desturi. Upepo baadaye alisema naye alisimama, huko koridoni, na watu wakamshangaa.

KUMB. NA. 8/KUK: KUFUNGA KIKAO

Wakiwa bado wamesimama, muuza magodoro alipaza sauti kutoka chini kwamba yule mama wa mwisho amemfikisha, amepokewa, na godoro moja amemwachia kwanza, ataliulizia baadaye. Kisha akauliza kama kengele aliyoisikia ni ya kwenda nyumbani.

Mwenyekiti alichungulia dirishani na kusema ndiyo. Kikao kilifungwa hapo, saa moja kasoro jioni.

..............................
MWENYEKITI

..............................
KATIBU
(ambaye pia ni mjaribu)